Unga Kwenye Mshono

Shangazi aliibonyeza pakiti kwa dole gumba, taratibu. Unga wa ubuyu ukachomoza pembeni, mstari mwembamba mweupe, ukamwagikia kwenye kanga yake.

"Baba, unaona?" akaniambia. "Supamaketi wamenirudishia boksi zima. Wanasema rafu zao zimechafuka."

Tulikuwa uani kwake, Nkuhungu. Mashine ilisimama chini ya banda la mabati, ndefu kunizidi, inang'aa. Imetoka China, imepitia Kariakoo, imepanda lori hadi Dodoma. Nyuma ina roli la nailoni, juu ina faneli ya unga, chini ina vyuma viwili vya moto vinavyobana na kuachia. Kazi yote inatakiwa iifanye yenyewe: ivute nailoni, iikunje iwe bomba, iishone ubavuni, iifunge chini, idondoshe gramu mia za ubuyu, ifunge juu, ikate. Na kwa karanga ilifanya hivyo bila maneno. Siku alipoweka ubuyu ndipo matatizo yalipoanza.

Ubuyu si karanga. Ni unga mwepesi, na ukidondoka ndani ya lile bomba la nailoni hewa inautimua. Vumbi linapanda, linaganda kwenye kuta za nailoni pale pale ambapo vyuma vinakuja kubana. Nailoni na nailoni haziwezi kuyeyuka zikashikana kama kuna unga katikati. Ukiutazama mshono unauona mzima. Ukishapanda bodaboda kutoka Nkuhungu hadi mjini, unafunguka.

Niliinama nitafute nani kaitengeneza. Ubavuni kulikuwa na kibati kinachotaja umeme unaohitajika na uzito. Jina la mtengenezaji hakuna.

Hilo ndilo lililonisumbua wiki nzima, na wiki iliyofuata. Pengine ni kwa sababu mimi ni mtu wa makaratasi, kazi yangu iko Mtumba, kwenye ofisi za serikali, na karatasi bila jina la aliyeiandika kwetu haipokelewi. Lakini mashine ya mamilioni ya shilingi inaingia uani kwa mtu na hakuna anayejua nani aliamua kijiko cha unga kikae wapi, na vyuma vibane baada ya muda gani. Mtu huyo yupo mahali. Alijifunza kwa nani?

Nikaanza kusoma usiku habari za familia zilizoanzisha viwanda vya mashine za kufungashia. Wapo wachache, wanajulikana, na majina yao wameyaandika wazi.

## Muuza duka akiondoka

Wa kwanza ni Ruben Rausing wa Sweden. Alizaliwa mwaka 1895 kwa jina la Andersson, huko Raus, karibu na Helsingborg. Rausing alijiita baadaye kutokana na hapo alipozaliwa. Alisoma uchumi Stockholm, kisha mwaka 1919 akaenda New York, Chuo Kikuu cha Columbia. Alichorudi nacho hakikuwa cha darasani. Aliona maduka ambayo mteja anaingia, anachukua bidhaa rafuni mwenyewe, anaenda kulipa.

Kwao Sweden wakati ule muuza duka alisimama nyuma ya kaunta, akachota unga kwenye gunia, akapima, akafunga kwenye karatasi.

Yaani soko la Majengo hapa Dodoma, leo asubuhi.

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa shangazi. Miaka yote aliuza ubuyu kwa kopo na hakuna aliyemuuliza habari za vifungashio, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hapo. Mteja akitia shaka, anaonjeshwa. Akiona kopo halijajaa, anaongezewa. Muuza akishaondolewa kati ya mteja na gunia, inabidi kitu kingine kisimame badala yake kiseme: huu ni gramu mia, ni safi, ni wa fulani, utaharibika mwezi fulani. Supamaketi ilipomtaka alete bakodi na alama ya TBS, shirika la viwango, kwa kweli ilikuwa inamwambia, mama, wewe usije, tuma pakiti.

Mwaka 1929 Rausing na mwenzake Erik Åkerlund walifungua kampuni ya vifungashio kusini mwa Sweden. Walianza na mifuko ya karatasi ya bidhaa kama unga. Baada ya miaka michache Åkerlund akajitoa, Rausing akabaki na kampuni. Hakuna cha ajabu hapo. Ni biashara ya mifuko.

Ajabu ilikuja na maziwa.

## Mke wa mwenye kampuni

Maziwa yalikuwa kwenye chupa za kioo. Nzito, zinavunjika, lazima zikusanywe, zioshwe, zirudi. Rausing alitaka chombo cha karatasi cha kutumia mara moja, na alikuwa na kanuni yake inayonukuliwa hadi leo, kwamba kifungashio kiokoe zaidi ya kinachogharimu.

Mwaka 1944 mfanyakazi wa maabara yake, Erik Wallenberg, akaja na umbo. Chukua karatasi, ikunje iwe bomba. Bana chini. Panda juu kidogo, bana tena, lakini safari hii geuza upande ili mbano wa pili upishane na wa kwanza. Unapata kitu chenye pande nne za pembetatu. Karatasi karibu yote imetumika, na bomba linaweza kuendelea kushuka bila kusimama. Wenzetu wa Kenya waliokuwa shule ya msingi miaka ya 1980 wanalijua umbo hilo bila kufundishwa jiometri: ndiyo yale maziwa ya Nyayo waliyogawiwa shuleni, pakiti ya pembetatu, unaing'ata kona unanyonya.

Umbo lilipatikana. Kufunga ndiko kukawa kazi. Ukijaza kisha ukafunga juu ya maziwa, hewa inabaki ndani, na povu linaingia kwenye mshono. Simulizi inayotajwa na familia yenyewe ni kwamba siku moja wakila chakula cha mchana, mke wa Ruben, Elisabeth, aliuliza: kwa nini msibane palepale maziwa yalipo, bomba likiwa limejaa, kama soseji inavyofungwa? Ruben hakukubali. Vyuma ni vya moto, maziwa yataungua, yatanuka. Kisha akaenda kujaribu.

Hayakunuka.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Sisi Nkuhungu tunapigana kuuondoa ubuyu kwenye mshono, na hawa watu walijenga kampuni nzima kwa kuruhusu maziwa yawe ndani ya mshono.

Nilimpigia fundi usiku uleule. Fundi ninayemsema ana karakana Kizota, anakereza, anachomelea, anatengeneza vinu vya kukamulia alizeti, na shangazi alikuwa ameshamwita aitazame mashine. Nikamsimulia habari ya Elisabeth. Akasikiliza, akacheka.

"Kaka, maji ukiyabana yanakimbia. Unga ukiubana unajikusanya. Huyo mama alikuwa na bahati ya maziwa."

Kwa hiyo jibu lao halitufai. Lakini fundi alikuwa ameamka tayari, na nusu saa baadaye akanitumia picha: mchoro wa kalamu nyuma ya risiti ya duka la vyuma. Aliuchora mrija wa kushushia unga ukiwa mrefu zaidi, umeshuka hadi karibu na vyuma, na ndani yake skrubu inayozunguka. Chini aliandika kwa herufi kubwa: USIUMWAGE. USUKUME.

## Miaka minane

Watu wanaopenda hadithi za wajasiriamali huruka sehemu hii, na mimi ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu.

Kutoka 1944 umbo lilipobuniwa, hadi Rausing kuunda kampuni ya mashine hizo, Tetra Pak, mjini Lund mwaka 1951, ni miaka saba. Mashine ya kwanza ilifika kwa kiwanda cha maziwa cha Lund mwaka 1952, ikifunga krimu, pakiti za mililita 100. Muda wote huo mhandisi Harry Järund na wenzake walikuwa wanahangaika na mashine, na wengine wanahangaika na karatasi isiyovuja. Na hata mashine zilipoanza kuuzika, zile pakiti za pembe zilikuwa na kero yake: haziingii kwenye kreti ya kawaida, zilitaka kreti maalumu zenye pembe sita. Pakiti ya mstatili, ile tunayoijua wote kwenye juisi, ilitoka mwaka 1963.

Nani alilipa mishahara?

Mifuko ya unga. Ile kampuni ya kwanza, isiyo na ajabu, ndiyo iliyobeba mashine mgongoni, na mwaka 1965 familia ikaiuza ili nguvu ziende kwenye mashine.

Nikabaki na wasiwasi. Nilikuwa natafuta mtu wa kumfananisha na fundi wa Kizota, na nimempata tajiri mwenye kampuni nyingine ya kumlisha kwa miaka minane. Fundi wetu akikaa wiki mbili na mashine ya shangazi bila kulipwa, ya tatu anaitwa kutengeneza mageti ya watu wanaojenga Ihumwa, na anakwenda. Mageti ndiyo mifuko yake ya unga, ila hayamwachii akiba.

Jambo la pili lilinikera zaidi. Jina mlangoni ni la Rausing. Umbo ni la Wallenberg. Wazo la mshono, kwa simulizi yao wenyewe, ni la Elisabeth. Mashine iliyofanya kazi ni ya Järund. Wallenberg alikuja kupewa medali kubwa ya dhahabu na Chuo cha Kifalme cha Sayansi za Uhandisi cha Sweden mwaka 1991, karibu nusu karne baadaye. Tunaposema kampuni fulani "ilianzishwa na familia" huwa tunasema nani alishika fedha na hatari. Si uongo. Ila mtu akisikia hivyo hudhani ubunifu ulipita kwenye damu.

## Aliyeanza bila kitu

Nikamtafuta aliyeanza chini. Hermann Kronseder, Mjerumani, alizaliwa 1924. Mwaka 1951 alifungua karakana Neutraubling, karibu na Regensburg, mahali palipokuwa uwanja wa ndege za vita na baadaye pakajaa watu waliofukuzwa makwao upande wa mashariki. Mji wa mabaki, kwa kifupi. Mwaka uliofuata akaanza kutengeneza mashine za kubandika lebo kwenye chupa, za nusu mkono: mtu anaweka chupa, mashine inabandika.

Kubandika lebo tu! Nani angedhani hapo kuna kiwanda. Lakini wanaouza asali ya Singida na Manyoni wanajua lebo ni nini. Ukienda kwa shangazi usiku utakuta watoto wa jirani wameketi kwenye mkeka na chupa za asali, gundi, kitambaa chenye maji, na ikifika saa tatu lebo zimeanza kupinda kwa sababu macho yamechoka. Duka halitaki lebo iliyopinda. Wanasema inaonekana ya kughushi.

Kronseder alianza na hilo, kisha kujaza, kisha kupanga kwenye makreti, hadi kampuni yake, Krones, ikawa inaweza kumkabidhi mwenye kiwanda cha bia laini nzima. Mwaka 1984 hisa ziliingia sokoni. Mwaka 1996 mwanawe Volker akashika uongozi, na familia bado ina zaidi ya nusu ya hisa.

Hapa ningeweza kusimama niandike makala nzuri kuhusu baba na mwana. Msomaji angependa, shangazi angeichapisha aibandike ukutani. Ana watoto watatu: mmoja yuko benki Dar, mmoja yuko UDOM anasoma kompyuta, wa mwisho anapenda mpira. Hakuna anayetaka kusikia ubuyu. Na kila nikimtembelea ananiuliza, baba, nani atabaki na hii?

Lakini hata kwa akina Rausing familia haikushikamana milele. Watoto wa Ruben, Gad na Hans, waliendesha kampuni pamoja kwa miongo, Hans akiwa mkurugenzi tangu 1954. Mwaka 1995 Hans alimuuzia Gad nusu yake, akaenda zake. Kampuni haikutetereka. Kitu kilichokuwa kinaishikilia hakikuwa undugu wao.

## Mashine haiuzwi

Kilikuwa karatasi.

Tetra Pak kwa miaka mingi haikuwa ikiuza tu mashine. Iliikodisha. Mwenye maziwa anapata mashine, mafundi na spea, na karatasi ya kutengenezea pakiti ananunua kwao. Kila pakiti inayofungwa duniani inamrudishia mwenye mashine senti yake. Huu ndio utajiri wenyewe, na ndio uliowaponza: mwaka 1991 Tume ya Ulaya iliitoza Tetra Pak faini ya ekyu milioni 75 (ekyu ilikuwa fedha ya hesabu ya Ulaya kabla ya yuro), pamoja na mengine kwa kuwabana wateja watumie karatasi yake tu kwenye mashine zake. Kampuni ilikata rufaa, ikashindwa, na mwaka 1996 mahakama ya juu ya Ulaya ikamaliza shauri.

Nilimweleza fundi habari hii nikidhani atashangaa jinsi wazungu wanavyobanana. Kumbe nilimpa wazo.

Wiki iliyofuata alikuja kwa shangazi akiwa amevaa shati safi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Skrubu yangu imekwisha?"

"Imekwisha mama. Ila nimefikiri. Nisikuuzie. Niiweke hapa, niihudumie mwenyewe, wewe unilipe kwa pakiti. Shilingi kumi kila pakiti."

Shangazi alimtazama, akanitazama mimi, akajua wazo limetoka wapi.

"Yaani nikodi skrubu kwenye mashine yangu mwenyewe?"

Walizozana hadi chai ikapoa. Hoja ya fundi ilikuwa na uzito: akiuza, atalipwa mara moja, na ikiharibika ataitwa bure kwa sababu "wewe ndiye uliyeitengeneza". Hoja ya shangazi nayo ilikuwa na uzito: anayekuhudumia kwa pakiti ndiye anayejua unauza pakiti ngapi, na Dodoma ni ndogo. Wajasiriamali wa ubuyu wote wanajuana, wengine kutoka Mpwapwa wananunua nailoni duka moja na yeye. Hilo la kuhesabiwa sikuliona kwenye chochote nilichosoma kuhusu Lund.

Mwisho alinunua skrubu, akalipa nusu, na nusu ikabaki "mpaka supamaketi walipe". Supamaketi hulipa baada ya miezi miwili. Kwa hiyo fundi wa Kizota ndiye anayeikopesha supamaketi, ukitazama vizuri.

Skrubu inafanya kazi. Mshono wa chini sasa unashika. Wa juu bado unasumbua siku za upepo mkavu, Juni na Julai, nailoni inapokuwa na umeme wake na kuvuta vumbi, kwa hiyo fundi ameunganisha waya kutoka kwenye kola ya mashine, pale nailoni inapokunjwa iwe bomba, hadi chuma kilichozikwa ardhini karibu na bomba la maji. Umepunguza. Haujamaliza.

## Waliotoka

Nilichokuwa natafuta nilikipata mahali ambapo familia si habari kubwa. Bologna, Italia.

Mwaka 1924 ilianzishwa pale kampuni iitwayo ACMA. Mhandisi wake kijana, Bruto Carpigiani, aliunda mashine ya kufungasha Idrolitina, dawa ya unga ya kutia kwenye maji yawe na gesi, bidhaa ya mfanyabiashara wa mji huohuo aitwaye Gazzoni. Unga! Nilisimama na simu mkononi sebuleni. Karibu miaka mia moja iliyopita mtu alikaa na tatizo la shangazi, mteja akiwa mtaa wa pili.

Na kilichofuata si baba kumrithisha mwana. Mafundi na wachoraji wa ACMA walitoka. Mmoja baada ya mwingine, walifungua karakana zao, huyu akishika kufunga sabuni, yule pipi, yule dawa. Waliokuja kuajiriwa huko nao wakatoka. Carpigiani alifariki mwaka 1945, na ndugu yake Poerio mwaka uliofuata akafungua kiwanda cha mashine za aiskrimu kwa wazo walilokuwa nalo pamoja, kiwanda ambacho jina lake lipo mpaka leo. IMA ilizaliwa mwaka 1961, ikaingia mikononi mwa familia ya Vacchi, ikawa maarufu kwa mashine za vifuko vya majani ya chai. Leo eneo lile watu wanaliita bonde la vifungashio, na kampuni nyingi humo kweli ni za familia. Lakini nyuma ya familia zote kuna shule moja ya ufundi ya mji, Aldini-Valeriani, iliyoanza karne ya 19, ambako watoto wa mafundi walijifunza kuchora na kukereza. Ukitaka kujua mashine ile ya 1920 na kitu ina undugu na ipi ya leo, usifuate majina ya ukoo. Fuata nani alikaa dawati moja na nani, na nani alimwacha bosi wake.

Sisi shule tunazo. VETA ipo hapa hapa Dodoma, SIDO imekuwapo tangu 1973, na vijana wanaokereza vizuri nimewaona kwa macho. Bidhaa nazo zipo: ubuyu, karanga, alizeti, zabibu ya Hombolo na Mpunguzi, mahindi yanayopita Kibaigwa kwa malori. Hata ujuzi wa pakiti ndogo uliwahi kuwapo nchini kwa wingi, ingawa kwa bidhaa ambayo wengi hatuikumbuki kwa wema. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini mtu aliyekuwa anatengeneza mashine za viroba zikiharibika alijua kufunga kimiminika kwenye nailoni kuliko profesa yeyote. Sijui kama kuna aliyemwajiri kwa ajili ya mafuta ya alizeti. Ningemwajiri mimi.

Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni ule mtaa wa pili. Mwenye bidhaa na fundi hawakutani mpaka mashine ya kutoka nje iharibike. Shangazi aliagiza Kariakoo bila hata kumuuliza mtu wa Kizota, na simlaumu, maana mtu wa Kizota hakuwa na cha kumwonyesha. Na fundi hakuwa na cha kuonyesha kwa sababu hakuna aliyekuwa amemletea unga.

## Kijana wa karakana

Fundi ana kijana anayemsaidia. Mkimya, mkono wake umetulia kuliko wa bosi wake. Ile skrubu ya shangazi, mikunjo yake yote, aliikereza yeye. Juzi nimesikia ameitwa Singida. Kuna watu wa alizeti wanataka kufunga mafuta kwenye pakiti ndogo za duka la mtaa, wamesikia habari za Nkuhungu, wanataka mtu wao.

Nilimkuta fundi amekasirika. Amekaa kwenye pipa, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, hajagusa kazi. Amemfundisha kijana tangu akiwa hajui kushika futi. Sasa anaondoka na mchoro wa skrubu kwenye simu yake, kaupiga picha ile risiti.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikavuta kiti, nikamsimulia ACMA mwanzo hadi mwisho, jinsi walivyotoka, jinsi kila aliyetoka alivyoongeza karakana nyingine, jinsi wale waliobaki walivyoishia kuuziana vipuri na kupeana wateja. Nikamwambia kijana akienda Singida, kesho kutwa atahitaji beringi, atahitaji mtu wa kumkerezea shafti kubwa, atampigia nani? Nikamwambia mjini Bologna hata wao nadhani walikasirika, lakini mji ulipona.

Fundi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akashusha miwani, akainua tena.

"Kaka, huyo Mtaliano aliyeachwa na mafundi wake," akasema, "mwezi ule walipoondoka, oda zilizokuwa mezani alizimalizaje?"

Nikafungua simu nitafute. Hilo halikuandikwa popote.